Hadithi au mapigano? The Witcher 3, Elden Ring na Baldur's Gate 3 zikiwekwa pamoja

Gemu hizi tatu zote zimewahi kutwaa taji la gemu ya mwaka katika The Game Awards: The Witcher 3: Wild Hunt mwaka 2015, Elden Ring mwaka 2022, na Baldur's Gate 3 mwaka 2023. Kwa hiyo anayekuambia mojawapo ni mbovu, msikilize kwa sikio moja. Hata hivyo, mpe mtu Elden Ring wakati roho yake inataka Baldur's Gate 3, na ndani ya saa mbili padi itakuwa imewekwa chini. Nimeona hilo likiwatokea watu wanaopenda sana visa vya panga na uchawi. Walianza na gemu isiyowafaa, wakahitimisha kwamba gemu za namna hii si zao.

Wengi huzilinganisha kwa mafungu: hadithi alama kadhaa, mapigano alama kadhaa, kisha wanajumlisha. Mimi naona hesabu hiyo inapotosha. Cha kuuliza ni hiki: unapochomoa silaha, hadithi inaendelea kusimuliwa, au inasimama ikikungoja umalize kupigana? Kila moja kati ya hizi tatu ina jibu lake, na majibu hayafanani hata kidogo.

Nitagusa mambo ya mwanzo na ya katikati. Miisho nitaiacha.

Geralt na kazi yake

The Witcher 3 ilitoka tarehe 19 Mei 2015, kazi ya studio ya CD Projekt Red ya Poland. Humo huundi mhusika wako. Unapewa Geralt wa Rivia, mtu mzima mwenye makovu yake, sauti yake, marafiki zake na mapenzi yake ya zamani, aliyegeuzwa mwili tangu utotoni ili aweze kuwinda madubwana kwa malipo. Anamtafuta Ciri, msichana aliyemlea kama mwanawe, ambaye anafukuzwa na kundi la wapanda farasi wa kutisha liitwalo Wild Hunt. Ukiisimulia hivyo, hadithi kuu haina la kushangaza. Utamu uko kwa watu anaokutana nao njiani, hasa katika nchi ya Velen, ambako vita vimepita vikaacha matope, njaa na miti iliyoning'inizwa watu.

Huko Velen yuko mtu anayejiita baron. Ana habari za Ciri, lakini hazitoi mpaka umtafutie mkewe na binti yake waliotoweka. Unaanza ukidhani ni misheni ya kufuata nyayo tu. Kidogo kidogo ukweli unajitokeza: hakuna aliyewateka, walimkimbia yeye mwenyewe. Alikuwa akilewa anampiga mkewe, na usiku mmoja mimba ikatoka. Kichanga akakizika bila jina, na kile kilichozikwa bila jina kikageuka kiumbe kinachotoka kaburini usiku. Sasa uamue. Unaweza kukiua kwa upanga kama dubwana lolote. Au unaweza kumlazimisha baba mtu akibebe mikononi mpaka kwenye kizingiti cha nyumba yake, akipe jina na kukizika upya.

Ukichagua njia ya pili, unatembea kando ya baron gizani. Mizuka inatokea, unaizuia. Kiumbe kinaanza kufura kwa hasira mikononi mwake, unakituliza kwa Axii, ile ishara ya mkono inayotawala akili. Kama ni kupigana, pambano hilo ni jepesi sana. Lakini nimecheza gemu nyingi tangu hapo na bado nakumbuka woga niliokuwa nao wa kuchelewa kukituliza, kwa sababu kitu nilichokuwa nalinda kilikuwa aibu ya mtu na pia mtoto wake. Kinachofuata katika kisa hicho kinategemea pia uamuzi mwingine, kuhusu roho iliyofungwa chini ya mti, na hakuna chaguo la kukuacha ukilala kwa amani.

Hapo ndipo nguvu ya The Witcher 3 ilipo, na mfumo wake wa mapigano umejengwa kuhudumia nguvu hiyo. Chukua mikataba ya uwindaji. Unasoma tangazo kwenye ubao wa kijiji, unazungumza na aliyelibandika, mnavutana kuhusu malipo, kisha unakwenda kukagua damu, kucha na mizoga mpaka ujue ni kiumbe gani. Ukishajua, kitabu chako cha madubwana kinakuambia anaogopa nini: mafuta gani upake upanga, bomu lipi, ishara ipi kati ya tano. Karibu na mwanzo kabisa, katika kijiji cha White Orchard, kuna mzuka wa mchana kando ya kisima. Bila Yrden, yaani duara la uchawi unalochora ardhini, mapigo yako hayamwingii sawasawa. Ndani ya duara anakuwa na mwili, na upanga wa fedha unafanya kazi yake. Upanga wa chuma ni wa binadamu na wanyama. Fedha ni ya madubwana. Kabla hujampiga unakuwa umeshajua mzuka ule ulikuwa nani alipokuwa hai na alikufaje.

Nisifiche upande wa pili. Ukiuvua mfumo huo hadithi yake, ukabaki na upanga mkononi na adui mbele yako, The Witcher 3 ndiyo dhaifu kuliko zote tatu. Geralt huchagua mwenyewe namna ya kupiga kulingana na umbali, kwa hiyo kitufe kilekile mara kinampeleka hatua moja, mara kinamzungusha mita kadhaa hadi katikati ya maadui. Mwendo wake ulikuwa mzito tangu mwanzo, na ndiyo maana watengenezaji waliongeza hali nyingine ya mwendo katika masasisho, iwashe. Sasisho la bure la Desemba 2022 liliongeza pia njia ya haraka ya kutumia ishara bila kusimamisha mchezo, nayo imesaidia sana. Tatizo kubwa zaidi ni Quen, ishara ya ngao. Mtu aliyezoea kuiweka kila inapokwisha anaweza kumaliza nusu ya gemu bila kujifunza kitu kingine chochote. Tena levo, yaani viwango vya nguvu za mhusika, zinapanda haraka kwa anayefanya misheni za pembeni, na misheni za pembeni ndizo tamu, kwa hiyo kadiri unavyoifurahia hadithi ndivyo mapigano yanavyozidi kulegea.

Dawa yake ni kuchagua ngazi ya ugumu ya tatu kati ya nne tangu mwanzo. Hapo kukaa na kutafakari hakukurudishii uhai, kwa hiyo chakula, dawa na mafuta ya upanga vinageuka kuwa mahitaji ya kweli, na ile kazi ya upelelezi inapata maana. Ngazi ya chini kabisa inafaa tu kwa anayetaka kisa bila jasho, na kwa gemu hii sioni aibu yoyote katika hilo.

Elden Ring, ambako adui ndiye msimulizi

Elden Ring ilitoka tarehe 25 Februari 2022. Iliongozwa na Hidetaka Miyazaki wa studio ya FromSoftware ya Japani, na historia ya kale ya ulimwengu wake iliandikwa na George R. R. Martin. Historia hiyo imekwisha kutokea kabla hujafika. Malkia Marika ametoweka, Elden Ring iliyoshikilia utaratibu wa dunia imevunjwa, watoto wa ukoo wake wamegawana vipande na kupigana vita ambavyo hakuna aliyeshinda. Wewe ni mmoja wa Tarnished, watu waliofukuzwa zamani, na sasa mmeitwa mrudi.

Hakuna anayekukalisha chini akakueleza hayo kwa mpango. Utayaokota: sentensi mbili kwenye maelezo ya upanga, sanamu iliyokatwa kichwa, maiti zilizopiga magoti zote zikielekea upande mmoja. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Gemu hii inakuheshimu kiasi cha kukuamini kwamba utaligangua. Anayependa kusimuliwa atasema haina hadithi, na namwelewa. Lakini hadithi ipo, na mara nyingi imewekwa ndani ya mwili wa unayepigana naye.

Godrick ni mfano wa wazi. Ni mtawala wa ngome ya Stormveil, mnyonge katika ukoo wenye miungu, na kwa kuona aibu ya unyonge wake amejishonea mikono na miguu ya watu wengine mwilini. Ukimfikisha nusu ya uhai wake anakata mkono wake mwenyewe na kujipachika kichwa cha joka aliyekufa, kisha joka lile linaanza kutema moto. Hakuna mazungumzo marefu yanayoweza kukueleza tamaa ya mtu huyu kuliko kitendo hicho, na kinatokea wakati wewe unakimbia usiungue.

Au Radahn, jemadari mkubwa kama nyumba anayepigana akiwa juu ya farasi mdogo aliyekonda. Mara ya kwanza picha ile inachekesha. Baadaye, ukishamshinda, unasoma kwamba alijifunza uchawi wa kutawala uzito tangu ujana wake ili asilazimike kumwacha farasi wake kadiri alivyozidi kukua. Uchawi huohuo ndio aliokupiga nao kwa saa nzima. Na anayekushambulia si yeye kamili tena: ugonjwa wa kuoza ulioiharibu nchi yote ya Caelid umeshakula akili yake, anatafuna maiti za marafiki na maadui pamoja, lakini farasi bado anamtunza. Nilipousoma mstari ule niliweka padi chini. Sijui gemu nyingine iliyowahi kunifanya nimhurumie mtu kwa sababu ya jinsi alivyokuwa akinipiga.

Sasa mapigano yenyewe. Una vitu viwili vya kuchunga: uhai na pumzi. Kila pigo, kila kukwepa, kila kukimbia kunakula pumzi, na ikikuishia huna la kufanya ila kupigwa. Uzito wa unachovaa unaamua jinsi unavyobingirika: chini ya asilimia 30 ya uwezo wako unakuwa mwepesi sana, kati ya hapo na 70 uko wa kawaida, ukizidi 70 unaanguka kama gunia. Wanaoanza wengi huvaa deraya nzito wakidhani wanajilinda, kumbe wamejifunga miguu. Kagua namba hiyo kabla ya kulalamika kwamba gemu ni ngumu.

Halafu ujifunze kuacha. Adui akimaliza mapigo yake unapata nafasi ya kumpiga mara moja, labda mbili. Ukitaka ya tatu unakufa. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na Margit, anayekungoja kwenye njia ya kuingia Stormveil, amewekwa pale kukufundisha hilo: anainua fimbo yake, anaishikilia hewani muda mrefu kuliko ulivyotarajia, na wewe uliyebingirika mapema unaipokea kichwani. Anayejifunza kumtazama Margit badala ya kutazama kitufe chake ameshaielewa nusu ya gemu.

Ukifa unaangusha runi zako zote, ambazo ndizo fedha na ndizo za kupandia levo. Unaweza kurudi kuziokota ulipofia, lakini ukifa tena njiani zimepotea moja kwa moja. Hakuna ngazi ya ugumu ya kuchagua. Badala yake gemu imetawanya misaada ndani ya dunia yenyewe: unaweza kuita roho za wapiganaji zikusaidie, kuita wachezaji wengine kupitia mtandao, kubadilisha ujuzi wa silaha yako, au kumwacha bosi, yaani adui mkuu wa eneo, kupanda farasi wako Torrent na kwenda upande mwingine wa ramani ukirudi siku nyingine na nguvu zaidi. Kuna watu wanaosema ukitumia roho hujashinda kwa haki. Usiwasikilize. Roho zimewekwa na waliotengeneza gemu, na mabosi wengi wa mwisho wanaonekana kupimwa kwa kudhani unazo.

Kasoro zake ninazozijua kwa uchungu ni mbili. Visa vya wahusika wa pembeni vinapotea ovyo. Hakuna daftari la misheni, na mtu uliyemwahidi kitu anaweza kufa kwa sababu ulitembelea eneo fulani kabla ya lingine. Kisa cha Ranni, mmoja wa wahusika hao, ambacho kwangu ndicho kizuri kuliko vyote humo, nilikikosa kabisa mara ya kwanza. Pili, baada ya mji mkuu wa Leyndell ugumu unaruka. Mabosi wa theluthi ya mwisho wanaua kwa mapigo mawili matatu hata uliyejipanga, na ile subira uliyofundishwa na Margit haitoshi tena.

Baldur's Gate 3 na dadu la pande 20

Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa kimo kichwani. Unaamka ndani ya meli inayoruka ya viumbe wenye minyiri ya pweza usoni, wamekutia kiluwiluwi kwenye ubongo, na kikikomaa utageuka kuwa mmoja wao. Wengine waliotiwa vile wanaokoka pamoja nawe meli inapoanguka, na hao ndio wanaokuwa wenzako. Larian Studios ya Ubelgiji iliitoa kwenye kompyuta tarehe 3 Agosti 2023 na kwenye PlayStation 5 mwezi uliofuata, ikifuata kanuni za toleo la tano la mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons.

Kinachoendesha kila kitu ni dadu. Unataka kumdanganya mlinzi? Dadu. Kufungua kufuli? Dadu. Kumpiga mtu mshale? Dadu hilohilo, likiongezewa uwezo wako na kulinganishwa na ulinzi wake. Mazungumzo na mapigano yanatumia mashine moja, na ndiyo sababu yanaingiana kuliko katika zile mbili nyingine. Katika sura ya pili kuna shetani mmoja mkubwa, mwenye silaha za kutisha na wafuasi wengi, ambaye unaweza kupigana naye mpaka jasho likutoke. Au unaweza kuzungumza naye, ukapindapinda maneno ya mkataba uliomfunga mpaka akawaua wafuasi wake na kisha kujiua mwenyewe. Ni adui yuleyule, chumba kilekile, na gemu inahesabu njia zote mbili kuwa ushindi.

Mapigano ni ya zamu. Katika zamu yako mhusika ana kitendo kimoja, kitendo kidogo kimoja, na mita kadhaa za kutembea. Basi. Unaongoza watu wanne, na unaweza kukaa dakika tano ukifikiri, hakuna atakayekugusa. Kwa anayetoka Elden Ring hilo ni kama kuvuta pumzi baada ya kuzama. Lakini usidhani ni rahisi. Anayesimama juu ya mwinuko anaongezewa 2 kwenye dadu la kurusha. Mpiga mishale aliyesogelewa na adui analenga vibaya. Ukimwaga maji chini kisha ukapiga radi, kila aliyesimama majini anaumia, na wako wakiwemo. Mafuta yanashika moto. Mtu aliyesimama ukingoni unamsukuma tu akaenda zake. Kusukuma ni kitendo kidogo, na kimenishindia mapambano ambayo uchawi ulishindwa.

Kambi ya vibwengo katika sura ya kwanza ndiyo iliyonifanya niielewe. Viongozi wao watatu wanataka kuangamiza bonde lenye wakimbizi wenye pembe. Mara ya kwanza niliingia kwa nguvu, tukafa wote wanne kabla ya zamu ya tano. Mara ya pili nilipita getini kwa kujifanya mwenzao, nikatia sumu kwenye pipa la pombe yao, nikasubiri wanywe, kisha nikawashughulikia viongozi mmojammoja milango ikiwa imefungwa. Ningeweza pia kuungana nao na kulishambulia bonde. Gemu ingeniruhusu, na baadhi ya wenzangu wangeniacha. Hakuna aliyeniambia njia hizo kwa alama kwenye ramani.

Wenzako ndio hadithi yenyewe. Karlach ana injini ya kuzimu mahali pa moyo, yuko moto kiasi kwamba hawezi kumkumbatia mtu yeyote, na ndiye mwenye furaha kuliko wote kambini. Astarion anaficha meno yake mpaka usiku utakapomfumania. Shadowheart na Lae'zel ni fahali wawili katika zizi moja, na usiku mmoja wanaweza kufikishana kwenye kisu usipoingilia. Ukali wa hawa watu unakwenda nao vitani: unajikuta unamkinga mmoja zaidi ya mwingine kwa sababu ya jambo alilokuambia jana yake karibu na moto.

Udhaifu wake ni mwendo. Vita vyenye maadui kumi na tano vinaweza kuchukua zaidi ya nusu saa, nyingi ikiwa ni kutazama wengine wakicheza zamu zao. Kukosa pigo lenye uwezekano wa asilimia 90 kunaumiza, na kutatokea. Mikoba inajaa takataka mpaka upangaji wake unakuwa kazi. Sura ya tatu, ndani ya jiji la Baldur's Gate, ina misheni nyingi kiasi kwamba uzi wa hadithi kuu unalegea hasa pale ulipopaswa kukazwa.

Ukishindwa, nini kinatokea?

Kwangu hili ndilo linaloamua kuliko picha au ukubwa wa ramani. Geralt akifa, unarudi ulipohifadhi mara ya mwisho, hadithi haikujali. Katika Elden Ring kifo ni sehemu ya dunia: unaamka, runi zako zinakungoja kule, na umejifunza jambo moja kuhusu aliyekuua. Katika Baldur's Gate 3 kushindwa kwingi si kifo. Dadu likikukatalia uongo wako, mlinzi anakushuku na kisa kinageukia njia nyingine ambayo huenda ni tamu zaidi. Nakusihi usirudi nyuma kila dadu linapoanguka vibaya. Wanaofanya hivyo wanaifuta nusu ya gemu waliyoinunua.

Kama hasira zako ziko karibu, na siku yako imekuchosha tayari, Elden Ring itakuumiza. Haina hata kitufe cha kawaida cha kusimamisha mchezo, kwa hiyo mwenye mtoto mdogo au anayeitwaitwa kila dakika atapata shida. The Witcher 3 unaweza kuisimamisha wakati wowote, na misheni zake nyingi zina mwanzo na mwisho unaoingia katika jioni moja. Baldur's Gate 3 inakungoja hata katikati ya vita, ila pambano moja kubwa linaweza kula jioni nzima.

Lugha nayo ina uzito wake. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa anayesoma Kiingereza polepole, Baldur's Gate 3 ina maneno mengi mno, lakini inasubiri umalize kusoma kabla ya kuchagua. The Witcher 3 husubiri pia, isipokuwa katika majibu machache yenye muda. Elden Ring ina maneno machache kuliko zote, ya Kiingereza cha kizamani kilichofichwa kwenye maelezo ya vitu. Unaweza kuifurahia sana bila kuyaelewa, ila utakuwa umepata mapigano peke yake.

Kuhusu mashine: The Witcher 3 inakwenda hata kwenye PlayStation 4, Xbox One na Nintendo Switch. Elden Ring ipo kwenye PlayStation 4 na Xbox One pia, na kwenye kompyuta inataka nafasi ya GB 60. Baldur's Gate 3 haipo kwenye PlayStation 4, na kwenye kompyuta inadai GB 150. Ukitaka kucheza na mwenzako mkiwa mmekaa pamoja mbele ya skrini moja, ni Baldur's Gate 3 tu inayokubali. Kwa mtandao inachukua watu wanne.

Uamuzi wangu

Kwa asiyewahi kugusa gemu ya namna hii kabisa, ningemwanzisha na The Witcher 3. Mapigano yake yanasamehe, mhusika ameshaundwa, na Velen itamwonyesha kisa cha gemu kinaweza kufika wapi. Akiimaliza, achukue nyongeza ya Hearts of Stone ya mwaka 2015, ambayo kwa uandishi naiweka juu ya gemu kuu yenyewe.

Anayechukia vidole vyake kuwa ndivyo vinavyoamua, lakini anapenda kupanga, kubishana na kuishi na matokeo ya alichokisema, aende moja kwa moja kwenye Baldur's Gate 3. Ukiniuliza ipi imefungamanisha hadithi na mapigano vizuri zaidi kwa ufundi, nitataja hiyo bila kusita. Gemu ninayoirudia mimi ni Elden Ring. Inadai zaidi, na kilichonipata kwa Radahn sijakipata penginepo.

Ukiianza hiyo, utakapotoka tu kwenye pango la mwanzo utamwona mpanda farasi mwenye deraya ya dhahabu akizunguka uwanjani. Mpite mbali. Nenda kanisa lililobomoka lililo mbele yake, endelea mpaka upewe farasi wako, kisha rudi kanisani hapo uonane na mwanamke mwenye kofia pana atakayekupa kengele ya kuitia roho. Yule wa dhahabu atakuwepo bado siku utakayokuwa tayari.